Rangi ya Mlango wa Bibi

Bwenini, 11 Februari

Shikamoo Mjomba,

Naomba barua hii ikukute ukiwa chini, maana Mama anasema ukipewa barua unaisoma hapo hapo ulipo, hata kama ni juu ya ngazi kwenye ukuta wa watu. Mimi mzima. Mguu nilioumia mpirani umepona, ila siku za usafi nachechemea kidogo ili nisibebeshwe ndoo. Mama alikuja kunitembelea Jumapili. Ushonaji wake unaenda vizuri, anasema cherehani mpya haina kelele hata kidogo, mpaka anasinzia juu yake. Bibi naye hajambo, bado ana ugomvi na kuku wa jirani. Mkaza mjomba mpe salamu nyingi, mwambie soksi alizonifumia zimekuwa gumzo huku.

Sasa sikia. Mwaka wa mwisho si mchezo, lakini mpwa wako hajalala. Mtihani wa kufungulia muhula wa kemia nimekuwa wa kwanza. Wa kwanza kutoka juu, Mjomba, kabla hujaanza utani wako. Swali la mole, kile kipimo cha kuhesabia chembe, lilikuwa gumu mpaka watu wakawa wanatafuna kalamu, mimi nikalimaliza na nikapata muda wa kulihakiki. Elektrolisisi, yaani kutenganisha vitu kwa umeme, nimeichora na nyaya zake zote. Mwalimu wetu wa kemia tunamwita Bi Tone, kwa sababu maabarani kazi yake ni kupita nyuma ya migongo yetu akisema, "Tone! Tone moja moja!" Ni mkali na hasifu mtu ovyo. Kwenye karatasi yangu ameandika, "Huyu atafika." Nimekikata hicho kipande nikakibandika ndani ya kifuniko cha sanduku langu, nikilifungua nakiona.

Nia ni ile ile, kusomea uhandisi wa kemikali. Bila kemia nzuri hawakuchukui, na kemia ninayo.

Vitendo vya maabara vinanisumbua kidogo, lakini ni mambo madogo. Nitazoea.

Mpwa wako.

*

Nyumbani, 2 Machi

Profesa wangu,

Marahaba! Na marahaba ya pili kwa huo wa kwanza kutoka juu!

Barua yako nimeisoma nikiwa juu ya ngazi, kweli kabisa, na nimeisoma kwa sauti. Tunapaka wodi ya wazazi kwenye kliniki mpya. Wauguzi wote sasa wanajua nina mpwa anayejua mole, ingawa mmoja ameniuliza kama mole ni ugonjwa. Nikamwambia ni ugonjwa wa wenye akili, wewe huwezi kuupata.

Huku sote wazima. Wanangu wanakua, viatu havikai mwezi. Mkaza mjomba wako alikuwa chini anachanganya rangi, akacheka mpaka akamwaga kidogo. Unajua hatuachani kazini, na watu hawaishi maneno. Wanasema ananifuata kila ninapokwenda ili anilinde na wateja wa kike. Waache waseme, mwanaume kulindwa si vibaya. Mganga mkuu mwenyewe ametazama kuta akasema, "Brashi, hapa hata mgonjwa atatamani kubaki." Mimi ndiye mpaka rangi bora mji huu. Hayo si majivuno, ni taarifa.

Sasa hivyo vitendo vinakusumbua nini? Wewe ni damu yetu, sisi ni watu wa mikono. Usitetemeke, kaza macho, kazi itakaa sawa.

Mimi mjomba wako,
Brashi

*

Bwenini, 9 Mei

Shikamoo Mjomba,

Habari za huko? Za wanao na viatu vyao? Huku mvua zimeanza na bweni linavuja juu ya kitanda cha kiranja, jambo lililotufurahisha wengi. Mama amepata kazi ya kushona sare za shule nzima. Nakuomba haya yafuatayo usimwambie yeye wala Bibi.

Jana tulikuwa na vitendo vya majaribio. Bi Tone aligawa chumvi kwenye vichupa. Unaiyeyusha, unatia besi kidogo, yanatokea mashapo, yaani kama uji unaotua chini ya tyubu, halafu unataja rangi. Yakiwa ya kijani ni chuma cha aina moja, yakiwa ya kahawia ni chuma cha aina nyingine. Jirani yangu wa mezani ana mdomo, akiona kitu lazima akinong'one. Akanong'ona, "Kahawia." Mimi nikaandika kahawia, kama ninavyofanya siku zote. Kumbe safari hii Bi Tone alikuwa amewapa watu wa upande mmoja chumvi hii na upande wa pili chumvi ile. Yangu ilikuwa kijani, kijani cha kupiga kelele, hivyo ndivyo alivyosema.

Alinisimamisha mbele ya wote. "Mwanafunzi wangu wa kwanza ananakili kwa jirani." Amenipa nafasi moja tu, mwezi wa tisa. Nikinakili tena hatanipeleka kwenye mtihani wa vitendo, na bila vitendo kemia yote imeanguka, na chuo kimekwenda.

Mjomba, alipoondoka nilizichukua zile tyubu mbili nikazishika pamoja dirishani. Darasa zima linasema moja ni kama majani na nyingine ni kama kutu. Mimi naona uji mmoja. Na titresheni ni hivyo hivyo. Unamimina asidi tone kwa tone kwenye besi, ndani kuna kiashiria, rangi ikigeuka tu kutoka manjano kuwa chungwa unafunga bomba. Mimi hufunga jirani anaposema "tayari". Kazi hiyo nimeifanya kwa masikio tangu nianze kemia. Jana niliona afadhali niitwe mwizi wa majibu kuliko niitwe kipofu.

Mwalimu wa baiolojia ametufundisha kwamba macho ya namna hii mtoto wa kiume huyapata upande wa mama, na ukitafuta vizuri mara nyingi utayakuta kwa mjomba.

Nikaukumbuka mlango wa Bibi. Alitaka wa kijani. Mkaza mjomba alikuwa hospitali kujifungua, ukaja peke yako, ukapaka siku nzima huku ukipiga mluzi. Bibi alipotoka akakuta mlango wa rangi ya tofali. Ukamwambia hicho ni kijani cha kisasa, jua litakifungua. Mpaka leo ukiwepo hakuna anayethubutu kuutaja.

Mjomba, ulipokuwa ukiupaka, wewe uliuona wa kijani?

Mpwa wako.

*

Bwenini, 6 Juni

Shikamoo Mjomba,

Labda barua imepotea, au kazi zimekubana. Sisi wazima. Bibi amemshinda kuku, jirani amejenga banda.

Naomba unijibu hata kwa mstari mmoja.

Mpwa wako.

*

Nyumbani, 20 Juni

Mpwa wangu,

Marahaba. Barua zako zimefika, ya kwanza na ya pili. Posta haina kosa.

Huku mvua imetuharibia ukuta wa mwenye duka la viatu. Puti ya kuzibia nyufa ilikuwa haijakauka, ikatoka yote, tumeanza upya na msasa. Mtoto wangu wa mwisho ameng'oka jino. Bei ya brashi nzuri imepanda, na wanaouza za bandia hawana haya, nywele zinabaki ukutani.

Mlango wa bibi yako ni wa kijani.

Na nikwambie kitu, kwa kuwa shule imekupa ulimi mrefu. Mimi watu wananiita Brashi. Jina hilo sikupewa na baba yangu, nimelitafuta kwa mikono hii. Nikipita mtaani naonyeshwa kwa kidole, yule pale, nyumba ile kapaka yeye. Wanangu wanakula kwa brashi. Sasa wewe unakaa na daftari lako la baiolojia huko, unamwuliza mpaka rangi kama anaona rangi! Ebo! Mwulize na mwimbaji kama ana sauti basi.

Wewe soma. Kaza macho kama nilivyokwambia. Usiniulize tena.

Mjomba wako.

Mkaza mjomba wako anakusalimu. Ameisoma barua yako, amelia, kisha amenuna, na tangu Jumanne hasemi na mimi.

*

Bwenini, 15 Julai

Shikamoo Mjomba,

Sijambo. Mama hajambo. Bibi hajambo. Sijauliza tena.

Nakuandikia kukujulisha kwamba nimepata njia yangu mwenyewe, na sikufundishwa na mtu. Muhula huu tumesoma joto la mimenyuko. Asidi ikikutana na besi zinatoa joto. Usiku mzima likawa linanizunguka kichwani. Kama zinatoa joto zinapokutana, basi besi ikiisha joto haliongezeki tena, na asidi inayozidi itaupoza tu mchanganyiko. Kwa hiyo kipimajoto kitapanda, kitapanda, kisha kitaanza kushuka, na pale kilipogeukia ndipo penyewe. Unahitaji rangi ya nini?

Wenzangu walipokwenda kula nikamwomba mtunza maabara ufunguo. Nikatengeneza asidi na besi nzito kuliko za kila siku ili joto lionekane, nikatumia kikombe cha plastiki, nikachora grafu. Mstari ukapanda, ukashuka, ukafanya kilele kama paa la nyumba. Mjomba, nilicheka peke yangu mle ndani kama mwendawazimu. Nikaiweka grafu mezani kwa Bi Tone bila kusema kitu. Aliitazama muda mrefu, akarudia hesabu yangu mwenyewe, ikatoka ile ile. Akaniuliza, "Kwa nini umehangaika hivi wakati kiashiria kipo?" Nikamwambia ni udadisi tu.

Nimejivuna wiki nzima, sioni haya kusema. Lakini mtihani wa taifa hauna kipimajoto cha kijani na kahawia. Mashapo yale yanataka macho tu. Mwezi wa tisa unakuja na jibu sina.

Bibi huwa anasema nimefanana na wewe. Mimi sijui.

Mpwa wako.

*

Bwenini, 22 Agosti

Mjomba,

Shikamoo. Nakuamkia kwa sababu ndivyo nilivyolelewa, lakini nimekasirika.

Leo asubuhi Bi Tone ameniita ofisini. Akafunga mlango, jambo ambalo hajawahi kufanya. Akaniambia jana alikuja bwana mmoja mwenye ovaroli iliyojaa madoa, ameongozana na mkewe, amekaa pale ofisini na mkuu wa shule, ameondoka bila hata kuniulizia. Kisha akaniwekea zile tyubu mbili mbele yangu. "Niambie rangi. Bila jirani."

Nilitaka kubahatisha. Nilikuwa na nafasi ya kupatia. Lakini alinitazama kwa namna ambayo sikuweza, nikasimama nikamwambia, "Mwalimu, mimi hizi sizitofautishi." Mara ya kwanza kuyatoa maneno hayo mdomoni. Sasa ameshaliandikia baraza la mitihani, na mkuu wa shule ametia saini, na nitapelekwa kwa daktari wa macho. Wanaomba niwekewe mtu kwenye maabara ya mtihani. Nikimwuliza rangi anaitaja, basi, haongezi neno. Kuona anaona yeye, kufikiri nafikiri mimi. Bi Tone ameniomba radhi kwa kuniita mnakili, na ile grafu yangu ameibandika ukutani.

Lakini Mjomba, nilikuandikia wewe peke yako! Ya kwako ulikataa hata kunijibu, halafu ukapanda gari ukaja kuitoa siri yangu mbele ya mkuu wa shule. Kesho bweni zima litajua. Kwa nini?

Mpwa wako.

*

Nyumbani, 5 Septemba

Profesa,

Marahaba, na hasira zako nimezipokea, zimefika nzima hazijavunjika.

Huku wazima. Mkaza mjomba wako anasema na mimi tena, sasa hanyamazi. Ndiye aliyenisukuma. Barua yako ya kipimajoto aliisoma akaniwekea juu ya sahani ya chakula, akasema, "Mtoto anatafuta kwa joto kitu ambacho mjomba wake anakijua." Sikula.

Sasa sikiliza vizuri. Siri yako sikuigusa. Nilisema yangu.

Shule yenu ilikuwa imetangaza kazi ya kupaka maabara. Tukaenda kama mafundi wengine. Nilipoitwa ndani nikajitambulisha kuwa mjomba wako, nikaomba na mwalimu wa kemia aitwe. Nikaweka mezani vifuniko viwili vya makopo, kimoja cha kijani na kimoja cha kahawia, amenichagulia mke wangu. Nikasema, "Mwalimu, mimi kazi yangu ni kupaka rangi, na hivi vifuniko kwangu ni mapacha." Ghorofa napanda bila kamba, lakini sentensi ile ilinitoa jasho. Mkuu wa shule akaivua miwani. Akauliza, "Na ile kliniki nzuri, nani aliipaka?" Nikamjibu, mkono ni wangu, macho ni ya mke wangu, na kazi ni yetu sote. Unajua sasa kwa nini hatuachani. Wateja wa kike hawana hata habari na mimi.

Bi Tone si mjinga. Akavitazama vifuniko, akanitazama mimi, akauliza, "Na mpwa wako?" Nikamwambia, "Huyo ana mdomo wake, mwulize. Mimi nimekuja kusema yangu." Basi tukaaga. Kwa hiyo aliyesema yako ni wewe, na mwalimu amenipigia simu kuniambia ulisema ukiwa umesimama wima. Nilizunguka na habari hiyo mtaa mzima.

Mwenye duka la viatu amesikia na ametunyang'anya ukuta wake. Aende zake. Maabara tumeipata. Kibao chetu nimekipaka upya, zamani kilisema BRASHI, sasa kinasema BRASHI NA MKEWE, na kama rangi nimekosea atanirekebisha mwenyewe.

Amebaki mama yangu tu. Bibi yako huyo sijamwambia. Mwanaume na umri huu, bado namwogopa kwa ajili ya mlango.

Nenda kwenye mtihani wako. Ukihitaji kuuliza rangi, uliza kwa sauti.

Mimi mjomba wako,
Brashi

*

Nyumbani kwa Mama, 18 Februari

Shikamoo Mjomba,

Shikamoo na mkaza mjomba. Najua mmenitafuta kwa simu na Mama amewaambia sitaki kuongea. Nilikuwa nimeapa sitasema wala kuandika mpaka matokeo yatoke, na haya siwezi kuyasema kwa simu, utanikatiza kwa vifijo.

Bweni lilijua, kama nilivyohofia. Walinitania siku chache, wakanishikia soksi moja moja wakiuliza rangi, kisha wakachoka. Siku ya vitendo tuliingia kwenye maabara mliyoipaka. Kuta zilinukia upya bado. Mtaja rangi wangu alikuwa mama mmoja mtaratibu, amekaa pembeni na mikono mapajani. Nikafika kwenye mashapo. Nikakumbuka uliyoandika, nikainua tyubu juu nikauliza kwa sauti, "Samahani, hii ni rangi gani?" Wote waligeuka. "Kijani," akasema. Nikashukuru, nikaandika aina ya chuma, nikaandika sababu, nikaandika na mlinganyo wake, kalamu haikusimama. Kwenye titresheni alisema "imegeuka" nami nikafunga bomba, na vipimo vyangu vikakaribiana mpaka nikaona raha kuvitazama.

Mjomba, kemia nimepata alama ya juu kabisa. Ya juu kabisa! Shule nzima tumeipata wawili. Chuo cha uhandisi wameniita. Mama amefunga cherehani akaenda kuwatangazia watu nyumba kwa nyumba, na Bi Tone ameniandikia kadi, ndani kuna maneno mawili tu: "Nilisema atafika."

Baada ya hapo nikaenda kwa Bibi. Nikasimama mbele ya mlango, nikautazama kwa makini kama ninavyotazama tyubu. Bibi alikuwa anafagia. Akaniuliza ninatafuta nini.

Nikamwambia, "Bibi, mlango wako mimi nauona wa kijani."

Usinikasirikie, Mjomba. Yako sikuisema. Nilisema yangu.

Aliuegemeza ufagio ukutani. Akanitazama, akautazama mlango, akanitazama tena. Akasema, "Hata wewe?" Nikamwambia hata mimi, na kwamba hayo hayajanizuia kitu, nikamwonyesha matokeo. Akayasoma yote, pole pole, kidole juu ya karatasi. Halafu akakaa kizingitini akacheka mpaka akajifuta machozi kwa upindo wa nguo. Akaniambia amekuwa akikusubiri umwambie mwenyewe tangu mlango ukiwa mbichi. Kwamba jirani alijitolea kuupaka upya akamfukuza.

Akasema nikuandikie hivi, neno kwa neno, na nimeandika: "Mwambie mlango wangu umepauka. Aje aupake tena yeye mwenyewe, na mkewe asimsaidie kuchagua. Nataka kijani kile kile."

Mpwa wako.